Kofia ya jino ya siku moja imenipasukia baada ya miaka minne. Kosa la nani?

#1 KizingoMtulivu, Jumatatu saa 2:10 usiku

Salaam wana jukwaa. Nina kisa, mnisaidie kufikiri.

Mwaka 2021 nilitibiwa mzizi wa gego la chini, upande wa kulia. Daktari akanambia jino hilo sasa ni gofu, lisipovishwa kofia litapasuka. Akanipa njia mbili. Ya zamani ni chuma kilichopakwa kauri: wanakujaza mdomo ule ujiuji wa waridi mpaka utake kutapika, kipimo kinapandishwa basi kwenda Nairobi, unarudi baada ya wiki mbili. Ya pili ni ya siku moja. Wanapitisha kamera kama kalamu nene mdomoni, kompyuta inachora jino, mashine inachonga kipande cha kauri palepale, unatoka na jino lako. Nikachagua ya siku moja. Niliingia saa tatu asubuhi, saa saba unusu niko barabarani natafuta biriani, nusu ya mdomo bado ina ganzi. Elfu arobaini na tano.

Juma lililopita imepasuka vipande viwili. Kimoja kimetoka, kingine kimeng'ang'ania.

Kinachoniuma zaidi ya jino ni mamangu. Yeye ana kofia ya chuma na kauri tangu 2002 na mpaka leo anaguguna mifupa ya mbuzi. Hizi za siku moja zinadumu kweli, au tunauziwa haraka? Kuna mwenye nayo ya miaka kumi hapa?

#2 Kaimati99

Pole sana. Ilipasuka ukila nini? Sema kweli, mamako hayuko humu.

#3 KizingoMtulivu

Boflo na chai. Wallahi, boflo.

#4 BintiKibokoni

Boflo la lini? La Ramadhani ya mwaka juzi?

#5 Baharia_Likoni

Mimi ninayo, ina miaka minane. Mwaka 2017 jino lilinivunjikia Jumatatu na Alhamisi natakiwa kupanda ndege nikajiunge na meli. Mkataba wa miezi tisa. Ukiniambia nirudi baada ya wiki mbili, nitarudi nikitokea wapi, katikati ya bahari? Wakanitengenezea siku hiyohiyo. Nimeshakwenda nayo safari sita, na chakula cha meli mwakijua, kuna siku nyama ni kama kamba ya nanga. Haijatikisika.

Lakini niseme jambo moja: jino langu lilikuwa hai. Halikutibiwa mzizi. Huenda hapo ndipo tunapotofautiana.

#6 BabaYao_Mikindani

Hii teknolojia ni changa, ina miaka kumi tu. Sisi ndio panya wa majaribio. Subirini.

#7 Mwl_Tudor

BabaYao, ziheshimu tarehe. Mashine ya kwanza ya aina hii ilibuniwa Zurich, Uswisi, na watu wawili: Werner Mörmann, daktari wa meno, na Marco Brandestini, mhandisi wa umeme. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa tarehe 19 Septemba 1985, katika chuo kikuu cha huko. Hiyo mashine ya CEREC unayoiona kwenye mabango ni ileile, imebadilisha kanzu tu. Mwaka huo wewe ulikuwa wavaa kaptula ya shule.

#8 BabaYao_Mikindani

Sikuwa nimezaliwa, mwalimu. Lakini shukran.

#9 MpwaniHamburg

Huku niliko watu huapa kwamba ni ya Kijerumani, kwa sababu Siemens ndio walioiuza mwanzo. Mwalimu yuko sawa, asili ni Uswisi.

Kuhusu kudumu: kuna daktari wa Uswisi, Tobias Otto, aliweka kazi 200 za mashine hiyo katika kliniki yake mwenyewe kati ya 1989 na 1991, kisha akawaita wagonjwa wake miaka nenda miaka rudi. Hesabu aliyoitoa 2008 ni kwamba baada ya miaka 17 asilimia 88.7 zilikuwa bado zafanya kazi. Na hiyo ni mashine ya kwanza kabisa, ya kizamani. Kwa hivyo ndugu wa Kizingo, usiilaumu teknolojia. Tafuta mchawi kwingine.

#10 Dkt_Gego

Habari zenu. Mimi ni daktari wa meno, hapahapa pwani. Sitasema ni wapi, na sitamjadili mwenzangu ambaye sijaona kazi yake. Lakini hiyo hesabu ya #9 ni ya kweli na imewekwa mahali si pake.

Zile kazi za Otto hazikuwa kofia. Zilikuwa vijazio: kipande cha kauri kinachozamishwa ndani ya shimo la jino, vingine vikifunika pia sehemu ya juu, na kuta za jino lenyewe zinakishikilia. Kofia inavaa jino zima na inaubeba mzigo wote peke yake. Ile mashine ya 1985 haikuweza hata kuchonga kofia nzima. Uwezo huo ulikuja na toleo la pili, mwaka 1994. Mtu akikwambia kofia za siku moja zina ushahidi wa miaka arobaini, anakuuzia umri wa mashine.

Na kauri nayo imebadilika. Ya Otto ilikuwa ya feldispa, nguvu yake haizidi megapaskali 150 hivi. Wengi sasa twatumia lithiamu disiliketi, ambayo ile ya kuchongwa kwa mashine iliingia sokoni katikati ya miaka ya 2000, na hiyo ni 360 kwenda juu. Ndiyo mlinganisho unaokufaa wewe, na ushahidi wake ni mfupi zaidi. Kuna utafiti wa Ujerumani uliotolewa 2018: kofia 41 za lithiamu disiliketi, zote zilitengenezwa mgonjwa akiwa kitini, zikafuatiliwa miaka 10. Zilizosalia ni asilimia 83.5.

#11 Kaimati99

Daktari, ngoja kwanza. Kauri dhaifu miaka 17 imepata 88.7, kauri yenye nguvu zaidi ya mara mbili miaka 10 imepata 83.5? Hesabu zenu zatembea kinyumenyume kama kaa.

#12 Dkt_Gego

Swali zuri, na ndiyo maana sikupenda #9. Kwanza ni kazi mbili tofauti, kama nilivyosema. Pili, kofia 41 ni chache. Moja tu ikiharibika hesabu inashuka kwa kishindo, na wengine hawakurudi kukaguliwa.

Lakini kitu cha kukitazama mle si hiyo asilimia. Zilizoharibika zilikuwa tano. Katika hizo tano, kofia iliyopasuka yenyewe ni moja. Nyingine ni matatizo ya jino lililo chini: jino kuvunjika, mzizi kupasuka, mzizi kuugua, kuoza. Kofia ilikuwa nzima, kilichokufa ni mwenye kuivaa.

#13 KizingoMtulivu

Kwa hivyo mimi ndiye yule mmoja kati ya 41. Bahati yangu hiyo ningeipeleka kwenye bahati nasibu.

#14 FundiVigae_Changamwe

Mimi si daktari, mimi naweka vigae. Miaka 19. Lakini hii habari naijua kuliko nyote humu.

Kigae hakipasuki kwa ajili ya kigae. Nenda nyumba yoyote Bamburi uone kigae chenye ufa katikati ya sebule, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia "to", kimeshiba chini. Kikilia "ko", pana uwazi, sementi haikufika. Mwenye nyumba atakwambia kimepasuka juzi mtoto alipoangusha kikombe. Kikombe! Kigae kilichoshiba chini waweza kupitisha gari juu yake.

Kauri yaweza kubeba mzigo ukiikandamiza, haiwezi kupindwa. Ikiwa na uwazi chini, kila unapokanyaga inapinda kidogo. Siku yake ikifika inaachia. Muulize daktari wako alikuwekea sementi ya namna gani.

#15 Dkt_Gego

Fundi, njoo unifundishie wanafunzi. Kofia nyingi za kauri zikichunguzwa baada ya kupasuka, ufa huonekana ulianzia upande wa ndani, ule unaotazama jino, si pale panapogusana na jino la juu.

#16 BintiKibokoni

Sasa niacheni niseme, maana nimekuwa msaidizi wa daktari wa meno miaka sita, nikishika ule mrija wa kunyonya mate mpaka mkono ukafa ganzi wenyewe.

Hatua ya kuchonga huvutia sana. Wagonjwa walikuwa wakisimama nje ya kioo wakirekodi kwa simu, maji yakiruka. Hakuna aliyerekodi hatua ya kugundisha, na ndiyo yenye roho ya kazi. Ndani ya kofia unapaka asidi ya haidrofloriki, sekunde ishirini kwa hii lithiamu disiliketi, unaosha, unakausha, unapaka sileni, dawa ya kushikisha gundi. Kisha jino nalo linasafishwa na kukaushwa, halafu ndiyo gundi. Katika hayo yote tone moja la mate likiingia, umefanya kazi bure na hutajua leo. Utajua baada ya miaka mitatu au minne.

KizingoMtulivu, walikuvika lile shuka la mpira, kijino kikachomoza peke yake kama mtu aliyejifunika leso? Au walikutia pamba tu?

#17 KizingoMtulivu

Pamba. Mbili, moja shavuni, moja chini ya ulimi. Na nakumbuka nilikohoa.

#18 BintiKibokoni

Alaa.

#19 MpwaniHamburg

Mama, hapo umemhukumu mtu kwa kikohozi. Kuna madaktari wazuri wanaotumia pamba na msaidizi makini, kazi zao zikadumu.

#20 BintiKibokoni

Sijamhukumu. Nimesema alaa.

#21 MaabaraMeno

Mimi ni fundi wa maabara ya meno, nilikuwa Nairobi sasa niko Nyali. Mmeruka hatua moja kati ya kuchonga na kugundisha. Tanuri.

Kile kipande cha lithiamu disiliketi kikitoka kwenye mashine si cheupe. Ni samawati inayoelekea zambarau, kama peremende. Kinakuwa hivyo makusudi: bado hakijakomaa, kwa hiyo kinachongeka bila kumaliza ncha za mashine. Kisha kinaingia tanuri, karibu nyuzi 840 za Selsiasi, dakika ishirini na kitu. Mle ndani fuwele zinakua, rangi inageuka ya jino, nguvu inapanda. Ukiharakisha hapo, au ukikitoa kikapigwa na baridi ya ghafla, unajenga mkazo ndani ambao jicho halioni.

Mkuu, siku hiyo ulikumbana na lolote?

#22 KizingoMtulivu

Subhanallah. Stima ilipotea.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Tumekaa nasubiri "iive", taa zikazima, AC ikanyamaza. Jenereta ikanguruma baada ya dakika mbili tatu hivi. Nikamsikia dada akimwambia daktari, "Tuirudishe tena?" Daktari akasema, "Rudisha." Mimi nikadhani ni AC.

#23 ShogaWaMtwapa

Stima imepotea mpaka kinywani jamani 😂😂

#24 FundiVigae_Changamwe

Bado mimi nasema ni chini.

#25 MaabaraMeno

Msishangilie mapema. Kuirudisha kofia tanuri mara ya pili si dhambi, sisi twafanya hivyo kila siku tukiongeza rangi. Na kama haikuiva, ungeiona: ingebaki na uzambarau. Yako ilikuwa rangi ya jino?

#26 KizingoMtulivu

Nyeupe kama ya jirani yake. Mke wangu hakuweza kuitambua.

#27 MaabaraMeno

Basi iliiva. Kinachobaki ni jinsi ilivyopoa mara ya kwanza, na hilo hakuna atakayelijua leo. Mimi naipa tanuri theluthi ya lawama.

#28 BabaYao_Mikindani

Nina swali rahisi kuliko tanuri. Bwana wa Kizingo, unakula muguka, yale majani binamu wa miraa?

#29 KizingoMtulivu

Hilo lahusiana nini?

#30 Kaimati99

Jibu la mtu asiyekula muguka ni "la".

#31 KizingoMtulivu

Ijumaa na Jumamosi. Mara mojamoja.

#32 BabaYao_Mikindani

Haya basi! Saa sita mfululizo za kutafuna, na bigijii juu yake, na soda ya kuteremshia. Upande gani?

#33 KizingoMtulivu

...Kulia.

#34 ShogaWaMtwapa

Ndiyo maana Gavana Abdulswamad wa Mombasa alipoipiga marufuku Mei 2024 ulikuwa mkali humu ndani kuliko mawakili wa Embu inakolimwa. Nimekumbuka uzi ule!

#35 Mwl_Tudor

Na mahakama ikaisimamisha ile marufuku, na uzi ule ulifika kurasa kumi na moja. Tafadhali tusirudi huko. Turudi kwenye jino.

#36 Dkt_Gego

Tusiipite haraka, lakini. Muguka wenyewe ni majani laini, hauvunji kauri. Shida ni tatu zinazokuja nao: saa nyingi za kutafuna upande mmoja, mdomo kukauka, na sukari ya soda na bigijii juu ya mdomo mkavu. Hapo jino huoza kwenye mpaka wa kofia na fizi. Kofia haiozi, lakini jino chini yake laoza, na likioza kofia inakaa juu ya uwazi. Maneno ya fundi hayo hayo.

Na la nne: wapo walaji wanaosaga meno usingizini. Uliza unayelala naye.

#37 KizingoMtulivu

Nimemuuliza. Asema nasaga kama kinu cha nafaka cha Kongowea, na kwamba alinambia 2019 nikamwambia ni feni.

#38 Dkt_Gego

Ulihitaji kinga ya kuvaa usiku. Ulipewa?

#39 KizingoMtulivu

Niliambiwa. Ilikuwa elfu kumi na tano zaidi. Nikasema nitarudi.

#40 Baharia_Likoni

Ndugu yangu, hapo sasa.

#41 ShogaWaMtwapa

Mimi nasema angeweka zirkonia, ile kauri ngumu, tangu mwanzo yote haya yasingekuwako. Dadangu anayo, daktari alimpigia nyundo mbele yake mezani ikabaki nzima. Ubaya wake tu inakula meno ya upande wa pili. Inayasaga yanaisha.

#42 MaabaraMeno

Shoga, nusu ya kwanza kweli, nusu ya pili ni hadithi ya zamani. Zirkonia ngumu ni megapaskali 900 na zaidi, haina mpinzani. Lakini kinachosaga jino la pili ni ukwaru, si ugumu. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri hulisaga jino la upande wa pili kidogo kuliko kauri ya kawaida. Iliyochongwachongwa mdomoni kisha ikaachwa bila kung'arishwa, hiyo ndiyo msasa.

Na haitayarishwi kwa asidi ile ya #16. Haina gilasi ndani yake, asidi haipati cha kula. Inapigwa mchanga kwa upepo, kisha inapakwa dawa yake maalumu. Nimeona kofia za zirkonia zikitoka nzima kabisa, bila ufa, mtu kazishika mkononi. Kilichoachia ni gundi.

Ya siku moja nayo ipo. Kwa kawaida zirkonia husinyaa kama humusi moja hadi robo ikiingia tanuri, ndiyo maana huchongwa kubwa kuliko jino, na huiva kwa saa nyingi. Siku hizi kuna tanuri za mwendo wa kasi zinazomaliza kwa dakika. Ushahidi wake bado ni wa miaka michache. Uliza tena baada ya kumi.

#43 BintiKibokoni

Nyanyangu Mji wa Kale ana jino la dhahabu, aliwekewa kabla mamangu hajaolewa. Halijapasuka, halijatoka, halijaoza. Mwajua kwa nini? Kwa sababu dhahabu ni laini, yalika pamoja na jino. Nyie endeleeni na rangi ya jino.

#44 Kaimati99

Na likitoka unaliuza, unafunga harusi.

#45 Dkt_Gego

Bibi yako yuko sahihi na sina la kumjibu. Dhahabu ndiyo mwalimu wetu sote. Wagonjwa hawaitaki.

#46 KizingoMtulivu

Na mamangu je? Hakuna aliyenijibu kuhusu mamangu. Chuma na kauri, miaka 23, mifupa ya mbuzi.

#47 Mwl_Tudor

Ya mamako twaiona kwa kuwa ipo. Zilizotoka za rika lake ziliishia jaa la Kibarani, na pale sasa pamepandwa bustani. Huwezi kuzihesabu.

#48 Dkt_Gego

Mwalimu kasema. Niongeze namba moja: mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2015 yalipata kwamba baada ya miaka 5 kofia za chuma na kauri zilisalia asilimia 94.7, na za lithiamu disiliketi pamoja na zile za lusaiti, kauri nyingine ya jamii hiyo, asilimia 96.6. Ziko bega kwa bega. Lakini ni miaka mitano, na mamako ana 23. Baada ya hapo chuma kina kumbukumbu ndefu na kauri ya siku moja haina.

Pia chuma hakihitaji ukavu kama kauri. Kinashikiliwa na umbo la jino lililochongwa, gundi ni msaidizi tu. Mamako akikohoa, hakuna kilichoharibika.

#49 BabaYao_Mikindani

Kwa hiyo ni kikohozi!

#50 FundiVigae_Changamwe

Nimesema chini tangu saa ngapi.

#51 BintiKibokoni

Kuna kitu bado chanikereketa. Boflo. Kauri yenye megapaskali mia tatu na kitu haipasuki kwa boflo la kuchovya chai. Kizingo, kabla ya boflo. Siku mbili tatu nyuma. Ulikula nini?

#52 KizingoMtulivu

Kawaida tu.

#53 BintiKibokoni

Kawaida gani.

#54 KizingoMtulivu

Kulikuwa na mabuyu. Ya mtoto. Nilichukua machache.

#55 Kaimati99

MABUYU!!!

#56 ShogaWaMtwapa

Nalia jamani. Watu tumeshtaki stima, tumeshtaki Uswisi, tumeshtaki mate, na mtu ana mbegu ya mbuyu mdomoni.

#57 BabaYao_Mikindani

Na uliimung'unya au uliivunja?

#58 KizingoMtulivu

Naimung'unya mpaka rangi iishe, kisha naiuma. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Ilitoa kelele "tak" lakini ni mbegu ndiyo hutoa kelele hiyo. Haikuuma hata kidogo. Jino limetibiwa mzizi, litauma na nini? Kisha siku mbili nzima nikala kawaida, wali, pweza, kila kitu. Ilipasuka kwenye boflo.

#59 Dkt_Gego

Hiyo inawezekana kabisa. Kauri za namna hii zina gilasi ndani, na ufa kwenye gilasi hutambaa polepole ukiwa majini. Mdomo ni maji masaa yote. Mbegu yaweza kuanzisha ufa Jumanne, kutafuna kukausukuma Jumatano, boflo likamalizia Alhamisi. Wagonjwa wengi huja na kisa cha mkate, au ndizi. Mmoja alikuja na kisa cha uji.

#60 MaabaraMeno

Lakini Daktari, mbegu ya mbuyu juu ya kofia iliyoshiba, yenye unene wa milimita moja na nusu pale juu, sidhani ingeianzisha. Ilikuwa na unene gani? Mara nyingi daktari anahurumia jino, hachongi vya kutosha, kompyuta inapiga kelele kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni pembamba, mtu anabonyeza "endelea". Nimezipima za namna hiyo kwa kipimo, milimita 0.7 pale katikati. Hiyo hata korosho yaivunja.

#61 Mwl_Tudor

Sasa tuna watuhumiwa wangapi? Mate, tanuri, muguka, usingizi, mbegu, unene.

#62 FundiVigae_Changamwe

Na uwazi. Usinisahau.

#63 Baharia_Likoni

Swali la kando: kofia zikivunjika namna hii, bima yalipa? Yangu ya kazini yalipa kuziba na kung'oa. Kofia wanaiita urembo.

#64 ShogaWaMtwapa

Urembo wa gego? Nani analiona?

#65 BintiKibokoni

Kizingo, kile kipande kilichotoka unacho?

#66 KizingoMtulivu

Ninacho. Nimekitia kwenye kiberiti, nikakiweka juu ya friji.

#67 BintiKibokoni

Kitoe, kigeuze, tazama upande wa ndani. Kisha tazama jino kwenye kioo kwa tochi ya simu. Ile gundi, rangi ya maziwa yaliyoganda, imebaki wapi? Ikibaki yote kwenye jino na ndani ya kofia pakawa peupe na laini, basi kofia haikutayarishwa vizuri, asidi au sileni. Ikibaki yote ndani ya kofia na jino likawa safi, jino lilikuwa limelowa.

#68 Dkt_Gego

Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotazama mimi pia. Tuambie.

#69 KizingoMtulivu, Jumanne saa 5:40 usiku

Samahani kuchelewa, nilisubiri watoto walale ndiyo niombe kioo. Nimetazama. Upande mmoja wa kipande una gundi imeganda ngumu, hata ukucha hauitoi. Upande wa pili, ule uliokuwa karibu na ulimi, panang'aa patupu. Na kwenye jino, palipo patupu hapo, gundi ipo, lakini chini yake kwenye fizi kuna doa la kahawia nikiligusa na kijiti cha meno kinazama kidogo.

#70 BintiKibokoni

Nusu kwa nusu.

#71 MaabaraMeno

Na doa la kahawia. Kimeanza kipi, kuoza au kuachia?

#72 Dkt_Gego

Kwa maelezo ya simu sitathubutu. Kupitia ufa, mate huingia na kuoza huanza. Kupitia kuoza, uwazi hutokea na kofia hupasuka. Vyote viwili vinaishia kwenye doa moja. Usichokonoe tena na kijiti. Nenda upigwe picha kabla mzizi haujaingiwa.

#73 FundiVigae_Changamwe

Doa liko chini, si ndiyo? Sisemi kitu.

#74 BabaYao_Mikindani

Umesema mara nne.

#75 KizingoMtulivu

Nimepata nafasi Alhamisi saa nane mchana, kwa daktari mwingine. Dada wa mapokezi kaniuliza kama nataka ya siku moja au ya wiki mbili, nikamwambia nitamjibu nikishaona bei ya ile kinga ya usiku. Mama asema ya wiki mbili. Asanteni nyote, hata mlionicheka. Kile kipande nakibeba.

#76 Kaimati99

Kibebe kwenye kitu kingine. Mtu akikuomba kiberiti njiani, utampa jino.